Mizani ya tabia iko mkononi mwa nani?

Tarehe 20 Januari 2025 mambo mawili yaliangukia siku moja nchini Marekani. Donald Trump aliapishwa kuwa rais kwa mara ya pili, na taifa lilikuwa katika mapumziko ya kumkumbuka Martin Luther King. Katika hotuba yake rais huyo aliahidi kujenga jamii isiyotazama rangi, inayompa mtu nafasi kwa sifa zake, akaongeza kwamba kwa heshima ya King ndoto yake itatimizwa. Kesho yake alitia saini amri iliyofuta amri namba 11246 ya Septemba 1965, ambayo kwayo Rais Lyndon Johnson aliwataka wakandarasi wa serikali kuchukua hatua za wazi ili watu wasibaguliwe kazini. Mei mwaka huohuo tuzo ya Pulitzer ya riwaya ilikwenda kwa James ya Percival Everett, inayosimulia upya kisa cha mtumwa mtoro ambaye wasomaji wengi walimjua kwa jina la Jim katika riwaya ya Mark Twain ya Huckleberry Finn. Tangu hapo matukio haya yamekuwa yakielezwa kama pande mbili za ugomvi mmoja: huku wanaotaka rangi isahauliwe, kule wanaotaka ikumbukwe daima.

Maelezo hayo yanapita kando ya jambo lenyewe. Fasihi bora ya Marekani kuhusu utumwa na ubaguzi, pamoja na sheria zilizoandikwa baada yake, zinauliza swali gumu zaidi: nani amepewa kazi ya kupima tabia ya mwenzake, anatumia kipimo gani, na anayepunjwa atakata rufaa wapi? Sentensi ya King kwamba watoto wake wanne siku moja wapimwe kwa tabia zao, si kwa rangi ya ngozi, hunukuliwa siku hizi kana kwamba tabia ni kitu kinachoonekana kwa kila mwenye macho, na kwamba kilichobaki ni kufumba jicho moja linaloona rangi. Historia inaonyesha kwamba kipimo cha tabia kilikuwa miongoni mwa zana kali za ubaguzi, na kwamba hata pale mtu Mweusi alipopimwa kwa haki, kupimwa kwa haki peke yake hakukumtoa minyororo.

Tuanze na hotuba yenyewe ya King, ile ya ndoto, aliyoitoa kwenye maandamano ya Washington. Maandamano ya tarehe 28 Agosti 1963 yalikuwa ya kudai ajira na uhuru, na ajira ndiyo iliyotangulia katika jina lake. Kati ya madai yaliyochapishwa siku ile ni kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa, wakati sheria ya shirikisho ilikuwa ingali kwenye dola 1.15. King alianza na deni, ndoto ikaja baadaye. Alisema Marekani iliwaandikia raia wake Weusi hundi ya uhuru na usawa, nao walipoipeleka benki ikarudishwa kwa maelezo kwamba akaunti haina fedha za kutosha. Mwaka uliofuata, katika kitabu chake Why We Can't Wait, alipendekeza mpango maalumu wa fidia na msaada kwa walionyimwa haki kwa vizazi, akautetea kwa mfano wa askari waliorudi vitani ambao taifa liliwapa karo, mikopo na upendeleo wa ajira, na akataka Wazungu maskini nao waingizwe humo. Mtu anaweza kuukubali mpango huo au kuukataa. Kusema kwamba mwenye wazo hilo alitaka serikali ifumbe macho tu ni kumnyang'anya nusu ya maneno yake.

Lakini hoja nzito zaidi imo katika mambo aliyokuwa anapambana nayo. Chukua Mississippi. Mtu Mweusi aliyetaka kujiandikisha kupiga kura alikwenda kwa karani wa kaunti, akapewa fomu ya maswali, kisha karani akamchagulia kifungu cha katiba ya jimbo akinakili na kueleza maana yake kwa maandishi. Katiba ile ilikuwa na vifungu 285. Vingine ni vya sentensi moja ambayo mtoto wa shule angeielewa, vingine ni vya kodi na mashirika ambavyo wakili angevisoma mara tatu. Uchaguzi wa kifungu ulikuwa wa karani, na uamuzi kwamba maelezo yametosha ulikuwa wake pia, naye hakutakiwa kutoa sababu. Mwaka 1960 jimbo likaongeza sharti jipya katika katiba yake: mpiga kura awe na tabia njema. Mwaka 1962 likaja fungu lililokamilisha mtambo huo. Majina ya walioomba yalitangazwa kwenye gazeti la mahali kwa majuma mawili mfululizo, na mpiga kura yeyote aliyekwisha kuandikishwa aliweza kupinga ombi kwa kudai kwamba mwombaji hana tabia njema. Mwajiri alisoma gazeti lile. Mwenye shamba alilisoma. Aliyekuwa anamkopesha mwombaji mbegu alilisoma. Mtu aliweza kufukuzwa kazi au kutolewa nyumbani kabla hata ombi lake halijajibiwa.

Hakuna neno rangi katika sharti hilo. Kwa maandishi lilikuwa sharti lisilotazama rangi hata kidogo, na lilizungumzia kitu kilekile ambacho King alikitaja jukwaani. Ndiyo maana Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya Agosti 1965, iliyopatikana kwa damu ya Selma, mji wa Alabama ambako polisi waliwapiga waandamanaji waliodai kura, ina kifungu ambacho wanaonukuu hotuba ya ndoto hawakitaji. Kinaorodhesha vipimo vinavyosimamishwa katika majimbo husika: kusoma na kufasiri, kiwango cha elimu, kuletewa udhamini na wapiga kura waliokwisha kuandikishwa, na kuthibitisha tabia njema. Kwa hiyo harakati aliyoiongoza King ilipopata nguvu ya kuandika sheria, moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kumwondolea karani mamlaka ya kuwapima watu tabia. Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 1964 waliokuwa wameandikishwa Mississippi walikuwa asilimia 6.7 ya Weusi wenye umri wa kupiga kura. Kufikia 1967 walikuwa asilimia 59.8. Katika miaka mitatu watu wale hawakubadilika tabia. Mizani ndiyo iliyotolewa mkononi mwa mtu mmoja.

Jambo hili lina mizizi mirefu kuliko Mississippi. Sheria ya watumwa watoro ya mwaka 1850 ilimlipa kamishna dola 10 akiamua kwamba aliyeletwa mbele yake ni mtumwa wa mdai, na dola 5 akiamua kwamba siye. Ushahidi wa aliyekamatwa mwenyewe haukupokelewa. Kamishna aliweza kuwa mcha Mungu, baba mwema na jirani anayependwa. Malipo yalikuwa yaleyale.

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka na kuwa mwandishi, aliliona hili akiwa mtoto na akaliandika mwaka 1845 kwa uchambuzi ambao haujapitwa na wakati. Alipopelekwa Baltimore alimkuta bibi mpya, Sophia Auld, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa akijipatia riziki kwa kufuma nguo na hakuwahi kummiliki mtu. Alikuwa mpole kiasi kwamba mtoto yule hakujua amkabili vipi, maana adabu ya kitumwa ya kuinamisha macho haikumfurahisha bibi. Akaanza kumfundisha alfabeti, kisha maneno ya herufi tatu na nne. Mume wake, Hugh, alipogundua akakataza: si halali, na ni hatari, kwa kuwa mtumwa anayejua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Douglass haishii kwenye katazo la mume. Anaeleza kilichomtokea mke. Alihitaji mafunzo ili aweze kumtendea mtoto kama mnyama, na mafunzo yalimwingia. Baada ya muda akawa mkali kumzidi mumewe, na hakuna kilichomkasirisha kama kumkuta kijana ameshika gazeti. Alimrukia na kumpokonya. Douglass anasema utumwa ulimdhuru bibi yule kama ulivyomdhuru yeye. Hapa tabia njema ndiyo iliyokuwa mwanzoni. Mamlaka juu ya mtu asiyeweza kujitetea yakaila, siku hadi siku, mpaka ikaisha.

Twain aliifikisha hoja hii mahali pa uchungu zaidi, na ni ajabu kwamba mabishano kuhusu riwaya yake karibu yote yameishia kwenye tusi dhidi ya Weusi linalorudiwa ndani yake mara zaidi ya 200. Mwaka 2011 lilitoka toleo lililoweka neno linalomaanisha mtumwa kila mahali palipokuwa na tusi hilo. Wenye shaka na riwaya hii wana sababu: mwanafunzi pekee Mweusi darasani, akisikiliza wenzake wakisoma neno lile kwa sauti, anabeba mzigo ambao mwalimu haubebi. Lakini Marekani ilipolibishania neno, ilisahau sura za mwisho, na humo ndimo kuna hoja.

Jim anauzwa kwa dola 40 na matapeli na kufungwa kwenye kibanda katika shamba la familia ya Phelps. Watu hawa si makatili. Mzee Silas huja kila siku moja au mbili kusali naye. Bi Sally huja kuangalia kama chakula kinatosha na kama amestarehe. Huck, kijana msimulizi aliyetoroka pamoja na Jim, anatuambia kwamba wote wawili walikuwa wema kadiri walivyoweza, na wakati huo mguu wa Jim umefungwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Bi Sally huyohuyo, siku Huck alipofika na kudanganya kwamba injini ya meli ililipuka njiani, aliuliza kwa hofu kama kuna mtu aliyeumia. Huck akajibu kwamba hakuna, ameuawa tu mtu Mweusi. Bibi akashukuru kwa bahati hiyo, maana wakati mwingine watu huumia, kisha akaanza kusimulia habari ya mtu mmoja, Mbaptisti, aliyelemazwa na ajali kama hiyo na baadaye akafa. Huruma yake ni ya kweli na ina mpaka uliochorwa kabla hajazaliwa. Hajui kwamba upo.

Kisha linakuja tukio ambalo lingetosha kusomwa peke yake shuleni. Tom Sawyer, rafiki wa Huck, amepigwa risasi mguuni wakati wa kumtorosha Jim. Jim, ambaye yuko huru kukimbia, anakataa kumwacha, na anapotokea kumsaidia daktari anajua kwamba atakamatwa tena. Anarudishwa kibandani, anafungwa mikono na miguu yote miwili, mnyororo unapigiliwa kwenye gogo la chini la ukuta, na chakula kinakuwa mkate na maji. Daktari anawahutubia watu waliokusanyika: hajapata kuona muuguzi bora wala mwaminifu zaidi, na mtu huyu ameuweka uhuru wake rehani ili afanye kazi hiyo. Tabia ya Jim imepimwa hadharani, na mpimaji anayeheshimika, na jibu ni sahihi. Daktari analieleza kwa kipimo anachokijua: mtumwa wa namna hii ana thamani ya dola 1,000, na anastahili kutendewa vyema. Watu wanakubali kwa moyo mmoja. Wanaahidi kutomtukana tena. Huck anatumaini kwamba angalau mnyororo mmoja au miwili itafunguliwa, kwa kuwa ni mizito mno, lakini jambo hilo halimjii yeyote akilini, wanatoka na kufunga mlango.

Kupimwa kwa tabia kulimwongezea Jim bei na kukampunguzia matusi. Uhuru wake ulikuwa umekwisha kupatikana miezi miwili kabla, kwa wosia wa Bi Watson aliyemmiliki, yaani kwa karatasi, na Tom alilijua hilo tangu alipofika akanyamaza ili apate mchezo wa kumtorosha. Wahakiki wengi wamezilaumu sura hizi kwa kuwa zinageuza mateso kuwa vichekesho. Lawama ina msingi, maana Jim ndani yake hapewi nafasi ya kusema anavyouona mchezo huo. Ila kwa upande wa hoja nazitetea: mwandishi aliyekulia Hannibal, Missouri, katika jimbo la watumwa, na aliyechapisha riwaya hii mwaka 1885, miaka minane baada ya askari wa shirikisho kuacha kuzilinda serikali za mwisho Kusini za Ujenzi Mpya, kipindi cha kuirudisha Kusini katika muungano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa ameona watu walioachwa huru kwa sheria wakichezewa upya na majirani wema.

Everett anaziba pengo hilo la sauti. Mhusika wake, James, anazungumza kwa lugha mbili: moja ya kufikiri na kuzungumza na wenzake, nyingine ya kutamka mbele ya Wazungu. Katika sura za mwanzo anawafundisha watoto, kwa mazoezi, jinsi ya kuvunja sentensi na kujifanya hawajui, kwa sababu Mzungu anatarajia wasikike hivyo na asipopata alichotarajia atakayeumia ni mtoto. Somo hili lina hatua na sababu, kama somo lolote la ufundi. Usimtangulie Mzungu kulitaja tatizo. Mwache aligundue mwenyewe. Msomaji anayedhani riwaya hii imeandikwa kumhukumu Twain ameipunguza. Inaeleza maisha ya mtu anayejua kwamba tabia yake itasomwa na mwenye mjeledi, hivyo inambidi atengeneze tabia ya kusomwa na kuificha aliyo nayo. Chini ya masharti hayo, anayesema anampima mtu kwa tabia anapima woga wake.

Sasa upande wa pili, na katika umbo lake lenye nguvu. Jaji John Marshall Harlan, peke yake mwaka 1896 alipopinga hukumu ya Plessy iliyohalalisha mabehewa ya treni tofauti kwa Wazungu na Weusi, aliandika kwamba katiba haioni rangi. Majaji walio wengi walioiondoa rangi katika udahili wa vyuo Juni 2023 wanasimama juu ya sentensi hiyo, na wana ushahidi mkubwa: kila mara serikali ya Marekani ilipogawa raia kwa rangi au asili, mgawanyo huo ulikuja na maumivu, kuanzia mabehewa ya Louisiana hadi kambi walimofungwa watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kuanzia 1942. Wanasema pia kwamba mamlaka ya kugawa kwa nia njema leo ni mamlaka yaleyale yatakayogawa kwa nia mbaya kesho. Hoja hii haistahili kubezwa. Walakini ukurasa uleule wa Harlan una sentensi ya kabla yake, inayosema kwamba Wazungu ndio tabaka linalotawala nchini kwa hadhi, elimu, mali na madaraka, na kwamba wataendelea hivyo daima. Harlan aliweza kuamini yote mawili. Sheria isiyotazama rangi ilikuwa, kwake, inaishi vizuri pamoja na jamii ambayo ngazi zake zimekwisha kupangwa.

Kesi iliyozaa hukumu hiyo ya 2023, dhidi ya chuo kikuu cha Harvard, yenyewe inaonyesha kwa nini mabishano ya rangi peke yake hayatoshi. Walalamikaji walitetea waombaji wenye asili ya Asia, na silaha yao kubwa ilikuwa alama ambayo chuo kiliita ya haiba. Maofisa wa udahili walimpa kila mwombaji alama kwa mambo kama ujasiri, upole, kupendeka na kuheshimiwa na wenzake. Katika takwimu zilizofika mahakamani, waombaji wenye asili ya Asia walikuwa juu katika masomo na shughuli za nje ya darasa, lakini wakashuka kwenye haiba. Wahitimu wa chuo waliowahoji waombaji ana kwa ana waliwapa alama za haiba zilizokaribiana na za Wazungu. Walioshusha ni maofisa waliosoma mafaili, ambao mara nyingi hawakuwahi kukutana na mwombaji. Jaji wa mahakama ya wilaya mwaka 2019 aliiona tofauti hiyo, lakini hakuona ushahidi wa ubaguzi wa makusudi. Iwe ilikuwa makusudi au la, kilichotokea ni kile cha Mississippi kwa sura ya adabu: kipimo kisichotaja rangi, kilicho mikononi mwa watu wachache, kinachotoa majibu yanayofuata rangi.

Na Harvard ilikuwa na mazoea ya zamani. Katika miaka ya 1920 rais wake, Abbott Lawrence Lowell, alishtuka kuona Wayahudi wamevuka moja ya tano ya wanafunzi wapya. Alijaribu kuweka kikomo cha wazi cha asilimia 15, akapingwa. Chuo kikapata njia isiyohitaji kikomo: kilianza kutazama tabia na kufaa kwa mwombaji, kikaomba picha na habari za familia, na idadi ya Wayahudi ikapungua. Sehemu kubwa ya mfumo wa Marekani wa kumtazama mwombaji mzima badala ya alama zake tu ilizaliwa humo. Wanaotaka leo turudi kwenye sifa na tabia, kana kwamba huko nyuma kulikuwa na mizani safi, wanaturudisha kwenye ofisi hiyo.

Kwa hiyo hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema usawa utakuja pale kila mtu atakapoacha chuki moyoni na kumtazama mwenzake kama mtu. Inapendwa kwa sababu haimgharimu yeyote. Pia ina fasihi yake: wakili Atticus Finch katika riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, ambaye vizazi vya wasomaji tangu 1960 vimemfanya kielelezo cha mtu mwadilifu. Uadilifu wake hauna doa. Tom Robinson, mteja wake, ambaye mkono wake wa kushoto uliharibiwa na mashine ya pamba na hivyo hakuweza kufanya kosa aliloshtakiwa kwa namna lilivyoelezwa, anatiwa hatiani na raia Wazungu waliokaa kuamua kesi, kisha anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani. Katika maisha halisi, kilichotikisa mabaraza ya namna hiyo huko Alabama ilikuwa hukumu ya mwaka 1935 katika kesi ya vijana wa Scottsboro, Weusi waliosingiziwa ubakaji, ambapo mawakili walilileta daftari la majina ya wanaoweza kuitwa barazani mbele ya majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani ili waone wenyewe majina ya Weusi yalivyochomekwa baadaye kulaghai. Kulikagua daftari kulifanya kazi ambayo hotuba nzuri kwa baraza haikuweza.

Upande unaopigania usawa nao umeanguka kwenye kosa hilihili. Baada ya mauaji ya George Floyd mwaka 2020, makampuni na taasisi nyingi zilikimbilia semina za kuwafundisha wafanyakazi kuchunguza upendeleo uliojificha mioyoni mwao. Semina hizo zilichukua ubaguzi kuwa doa la tabia, na dawa yake kuwa toba ya mtu mmoja mmoja. Ngazi za mishahara, taratibu za kupandisha vyeo na jina la anayesaini barua za ajira mara nyingi vilibaki vilevile. Ndiyo maana zimefutwa kwa urahisi: hazikuwa zimeshikilia nguzo yoyote. Wakati huohuo, takwimu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka 2022 zilionyesha familia ya kati ya Wazungu ikiwa na mali ya dola 285,000 na ya Weusi dola 44,900. Pengo hilo lina historia ya mikopo ya nyumba iliyonyimwa kwa ramani, ambamo mitaa ya Weusi ilipakwa rangi nyekundu katika miaka ya 1930. Hakuna semina ya moyo inayoweza kuligusa.

Twain mwenyewe aliielewa tofauti kati ya wema na deni. Desemba 1885, mwaka ule riwaya yake ilipotoka Marekani, alimwandikia mkuu wa shule ya sheria ya Yale akijitolea kulipia gharama za mwanafunzi Mweusi, Warner McGuinn. Alieleza kwamba asingependa kumsaidia mwanafunzi Mzungu ambaye angemwomba msaada mtu asiyemjua, lakini kwa Mweusi hali ni nyingine: sisi ndio tuliousaga utu wao, aibu ni yetu wala si yao, na yatupasa kulipa. McGuinn akawa wakili Baltimore, na miongo kadhaa baadaye akawa msaada kwa kijana aliyeanza uwakili mjini humo, Thurgood Marshall.

Marshall ndiye aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954 iliyobomoa shule za kibaguzi. Mwanzoni mwa 1960 alikwenda London, kwa mwaliko wa Tom Mboya, kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya, akaandika rasimu ya sura ya haki. Humo aliweka kinga ya mali na fidia kwa anayenyang'anywa, akijua kwamba watakaoihitaji kwanza ni walowezi Wazungu na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Aliwaamini viongozi aliowatumikia, na bado alitaka iandikwe. Mtu aliyetumia maisha yake katika mahakama za Kusini mwa Marekani hakuwa tayari kuacha usalama wa wachache, wa rangi yoyote, utegemee hulka ya atakayekuwa ofisini.

Hukumu ya 2023 ilipaswa kusomwa kwa jicho hilo. Jaji Mkuu John Roberts aliruhusu mwombaji aeleze katika insha jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi faida atakayopewa ifungwe kwenye ujasiri na uthabiti wake yeye binafsi. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 17, katika insha ambayo kwenye fomu inayotumiwa na vyuo vingi haizidi maneno 650, anatakiwa kuthibitisha tabia yake mbele ya msomaji asiyemjua, ambaye hatatakiwa kueleza uamuzi wake. Mwanafunzi Mweusi atajifunza haraka ni maumivu gani yanayosomeka vizuri, kama watoto wa James walivyojifunza. Katika chuo cha MIT wanafunzi wapya Weusi walishuka kutoka wastani wa asilimia 13 hadi 5 mwaka 2024. Wenye asili ya Asia walifika asilimia 47. Pande zote mbili zimebeba tarakimu hizi kama ushahidi wao.

Kinachofaa kudaiwa ni kidogo na kinawezekana. Vyuo vichapishe vigezo vya haiba na insha, na maana ya kila alama. Insha moja isomwe na watu wawili wasioonana alama. Majibu yakaguliwe na mtu wa nje kila mwaka, na tofauti zinazofuata asili ya waombaji zielezwe hadharani. Zaidi ya yote, watazame mlango ambao kesi ile iliuanika na kuuacha wazi: wanamichezo wanaosajiliwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo na waliomo kwenye orodha ya mkuu wa udahili. Katika takwimu za kesi hiyo hawa hawakufika asilimia 5 ya waombaji wa Harvard, lakini walikuwa karibu asilimia 30 ya waliokubaliwa. Colorado iliondoa upendeleo wa watoto wa wahitimu katika vyuo vyake vya umma mwaka 2021, Virginia ikafuata 2024. Sheria ya California, iliyoanza kutumika Septemba 2025, inavifikia na vyuo binafsi: inakataza upendeleo kwa watoto wa wahitimu na wa wafadhili, na inavitaka vyuo vitoe taarifa kila mwaka. Haitaji rangi ya mtu yeyote, wala haimwombi ofisa wa udahili awe mtu mwema.